Mfumo wa kuuzia kampuni nyingine mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tunayasikia kila mara kutoka kwa wazalishaji, wauzaji wa jumla na wasambazaji wanaofikiria kujengewa mfumo wao wa kupokea oda. Ya mwanzo ni ya msingi. Kadiri unavyoshuka utakuta mambo yanayojitokeza pale mfumo unapokuwa tayari kazini.

## Misingi

Mfumo huu una tofauti gani na duka la kawaida la mtandaoni?

Duka la kawaida linamuuzia mtu lisiyemjua. Anaingia, anaona bei ile ile anayoiona kila mtu, analipa papo hapo, anaondoka. Kampuni inayonunua kwako inakuja na makubaliano mkononi: bei zilizojadiliwa, siku za kulipa, kikomo cha mkopo, matawi kadhaa ya kupokelea mzigo, na ofisa manunuzi ambaye hana mamlaka ya kuidhinisha peke yake. Kazi ya mfumo ni kuyatekeleza makubaliano hayo oda baada ya oda, bila mtu kulazimika kuyakumbuka.

Ndiyo maana swali letu la kwanza kwa mteja halihusu rangi wala muonekano. Tunauliza: mmekubaliana nini na wanunuzi wenu, na yameandikwa wapi? Mara nyingi jibu ni kwamba sehemu kubwa imo kichwani mwa mtu mmoja wa mauzo aliyekaa hapo miaka mingi. Keti naye kwanza. Siku mbili za kumsikiliza zina faida kuliko mwezi wa kuchora kurasa.

Wanunuzi wetu wanaagiza kwa simu na WhatsApp, na kazi inakwenda. Kwa nini tubadilishe?

Angalia ujumbe mmoja kwa karibu. Saa moja asubuhi mnunuzi anaandika: "Habari, nitumie kama ya wiki jana, ila gundi ongeza katoni mbili, ile nyeupe." Mhudumu anafungua oda za wiki jana, anakuta mbili, kila moja ya tawi lake. Gundi nyeupe zipo za ujazo wa aina tatu. Anapiga simu, haipokelewi, na gari linaondoka saa mbili. Anakisia. Akikosea, mzigo unarudi, ankara inabatilishwa, na mnunuzi anakaa siku mbili bila bidhaa.

Mhudumu huyo hakufanya uzembe wowote, alilazimishwa kukisia. Mfumo mzuri unaondoa kukisia: mnunuzi anafungua oda ya tawi husika, anabonyeza "agiza tena", anabadilisha idadi ya gundi anayoiona kwa picha na ujazo wake, basi. Simu haina haja ya kufa. Anayependa kupiga apige, na mhudumu aingize oda kwa niaba yake kwenye mfumo huo huo, ili oda zote zikae mahali pamoja.

Ni lini tujengewe mfumo wetu, na ni lini programu iliyo tayari inatosha?

Kama mahitaji yenu ni makundi ya wateja, orodha za bei tofauti, kima cha chini cha oda na kulipa baadaye, programu zilizopo zinatosha. Adobe Commerce (iliyoanza mwaka 2008 kwa jina la Magento na kununuliwa na Adobe mwaka 2018), Shopify Plus na BigCommerce zina sehemu za kuuzia kampuni. OroCommerce ilibuniwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Hata WooCommerce yenye nyongeza chache inaweza kuibeba biashara ndogo.

Kujengewa kunakuwa na maana pale kanuni inayowaingizia pesa haingii kwenye programu hizo. Mfano: mnauza bidhaa inayokatwa kwa kipimo na kipande kilichobaki nacho kina bei yake, bei kamili inajulikana baada ya kupima uzito, au mnunuzi amefunga mkataba wa tani za mwaka mzima na anachukua kidogo kidogo. Ukianza kumwambia mnunuzi "andika kwenye sehemu ya maelezo" kwa kila oda, programu imekushinda.

Hata hapo, usijenge kila kitu upya. Kikapu, kuingia kwa nenosiri na kutuma barua pepe vimeshatatuliwa na wengine. Chukua injini iliyopo, ikiwezekana ya programu huria, kisha jenga juu yake kile tu ambacho ni chenu. Mfumo uliojengwa wote kutoka sifuri unapendeza siku ya kuzinduliwa, na unachosha kuutunza miaka mitano baadaye.

## Bei na katalogi

Kila mnunuzi ana bei yake. Mfumo unajuaje amwoneshe ipi?

Unajua kwa sababu mmeuambia ngazi za kufuata. Kwa kawaida bei ya mkataba wa mnunuzi husika inatangulia, inafuata bei ya kundi lake, kisha punguzo la wingi, kisha ofa ya muda, na mwisho bei ya orodha. Kazi iko pale mbili zinapogongana. Mkataba unasema 940, ofa ya mwezi inasema 900. Mnunuzi wa mkataba apewe ipi? Wengine husema mkataba ni mkataba. Wengine husema mteja mkubwa hawezi kulipa zaidi ya mteja wa jana. Yote mawili yanatetewa, ila lazima mmoja mwenye mamlaka aamue na aandike. Programu haiwezi kuamua kwa niaba yenu, na mtengenezaji wa mfumo akiachiwa aamue, mtajua alichoamua siku mnunuzi atakapolalamika.

Jambo la pili ni tarehe. Mkataba unaisha tarehe 30 Juni, oda imeingia tarehe 29, mzigo unatoka tarehe 3 Julai. Amueni bei inashikwa siku gani. Ikishashikwa, iandikwe ndani ya mstari wa oda wenyewe na isikokotolewe tena kamwe. Tumekutana na mifumo ambayo ukifungua oda ya mwaka jana inakuonesha bei ya leo. Mhasibu hawezi kufanya kazi na kitu kama hicho.

La tatu ni kasi, na humo ndimo mna hatari kubwa kuliko zote. Bidhaa 20,000 kwa wanunuzi 800 ni bei 16,000,000. Ili kurasa zifunguke haraka, wataalamu huhifadhi nakala za kurasa zilizokwisha kuandaliwa. Nakala ya mnunuzi mmoja ikimfikia mwingine, umemwonesha mshindani wake anachokilipa. Kosa hilo halifutiki kwa kuomba radhi. Sisitiza jambo hili lijaribiwe mbele yako: vivinjari viwili, wanunuzi wawili, bidhaa moja, kubadilishana kwa haraka.

Tuoneshe bei kwa kila mtu au tuzifiche?

Katalogi iwe wazi, bei zifunguke baada ya kuingia. Hivyo injini za utafutaji zinazikuta bidhaa zenu, na makubaliano yenu yanabaki siri. Kuficha katalogi yote kunawafungia nje wanunuzi wapya ambao hawajui hata mnauza nini.

Bidhaa moja tunaiuza kwa kipande, dazeni, katoni na paleti. Itawezekana?

Ndiyo, mradi stoku ihesabiwe kwa kipimo kimoja cha msingi, kwa kawaida kipande, na vipimo vingine viwe vizidisho vyake. Chini ya kisanduku cha idadi yaandikwe maneno kamili: "katoni 2 = vipande 96". Mstari huo mfupi unazuia makosa mengi kuliko mafunzo yoyote.

Matatizo huanza mzalishaji anapobadilisha katoni ya vipande 48 kuwa ya 40. Usibadilishe namba kwenye bidhaa ile ile, maana oda za zamani zote zitageuka uongo. Katoni mpya ipewe msimbo wake. Utaratibu wa GS1, shirika linalosimamia namba za misimbo pau, unakwenda hivyo hivyo: kila ngazi ya ufungashaji ina namba yake ya GTIN, kipande chake na katoni yake.

## Watu na idhini

Kampuni inayonunua ina watu wengi. Nani aruhusiwe nini?

Akaunti ni ya kampuni, kuingia ni kwa mtu. Anayeandaa oda, anayeidhinisha na mhasibu anayepakua ankara ni watu watatu wenye ruhusa tatu. Mnunuzi ateue msimamizi wake mwenyewe wa kuongeza na kuondoa watu, la sivyo nyinyi mtageuka ofisi ya utumishi ya kila mteja.

Kataa nenosiri moja linalotumiwa na idara nzima, hata kama mnunuzi analiomba. Mtu akiacha kazi anaondoka nalo, na bishano la "nani aliagiza hiki" halina mwisho.

Idhini ikichelewa, oda inakuwaje?

Inasubiri, ila isisubiri gizani. Aliyeandaa aone imekwama kwa nani, mwidhinishaji akumbushwe, na awepo wa kumkaimu akiwa likizo. Bei na stoku vikaguliwe tena wakati wa kuidhinisha, si wakati wa kuandaa tu. Kati ya Jumatatu na Ijumaa mengi hubadilika. Kuhusu kushika stoku wakati huo, tazama swali la wanunuzi wawili chini ya "Hali ngumu".

## Mkopo, malipo na ankara

Wanunuzi wetu hulipa baada ya siku 30. Mfumo unalishughulikiaje hilo?

Kwa kukagua kikomo cha mkopo kila oda inapowekwa. Hesabu yake inakosewa mara nyingi ajabu. Watu huchukua kikomo wakatoa ankara ambazo hazijalipwa, basi. Wanasahau oda zilizokubaliwa ambazo ankara zake bado hazijatoka. Kikomo ni 5,000,000, ankara zinazodaiwa ni 3,200,000, oda zilizo njiani ni 1,500,000. Kilichobaki ni 300,000. Mfumo uliosahau oda za njiani utasema 1,800,000, na mnunuzi atajaza gari ambalo hana uwezo wa kulilipia.

Oda ikizidi kikomo isikataliwe na mashine. Iende kwa anayesimamia mikopo, ikiwa na historia ya malipo pembeni, aamue. Mnunuzi wa miaka kumi aliyezidi kwa kiasi kidogo msimu wa mauzo makubwa anastahili kuongea na mtu.

Kisha bainisheni siku 30 zinahesabiwa tangu lini: tarehe ya ankara, siku ya kupokea mzigo, au mwisho wa mwezi. Kama mnatoa punguzo la kuwahi, kwa mfano asilimia 2 kwa anayelipa ndani ya siku 10, tarehe hiyo ndiyo itakayogombaniwa.

Tukubali kadi?

Kwa oda ndogo, ndiyo, kupitia mtoa huduma za malipo. Namba za kadi zisiguse seva zenu. Kuzihifadhi kunawabebesha mzigo mzito wa PCI DSS, yaani masharti ya usalama ya kampuni za kadi. Kwa oda kubwa wanunuzi wengi watalipa kupitia benki, kwa hiyo kila ankara iwe na namba ya kumbukumbu inayosomeka, na pawepo ukurasa wa kulinganisha malipo na ankara. Malipo mamoja yanayofunika ankara tatu, huku moja ikiwa imekatwa sehemu inayobishaniwa, ni jambo la kila wiki.

Mnunuzi amerudisha sehemu ya mzigo, na ankara ilishatoka. Tuirekebishe?

Hapana. Ankara iliyotoka haiguswi. Toa hati ya kupunguza deni inayoitaja ankara hiyo na mistari iliyorudishwa. Vitabu vya pande zote mbili vitalingana.

## Kuunganisha na mifumo mingine

Tuna programu ya uhasibu na ghala. Ipi iwe na neno la mwisho?

Kila taarifa iwe na mwenyewe mmoja. Stoku na madeni kwa kawaida ni vya mfumo wa ndani, uwe SAP, Microsoft Dynamics, Odoo au mwingine. Picha na maelezo ya bidhaa ni vya mfumo wa mauzo. Oda inazaliwa kwenye mfumo wa mauzo na kukabidhiwa ndani. Taarifa yenye wenyewe wawili itatofautiana, na hakuna atakayejua ipi ni ya kweli.

Muulize mtengenezaji maswali mawili. La kwanza: mfumo wa ndani ukizimika kwa muda wa saa tatu, oda zinakwenda wapi? Jibu sahihi ni kwamba zinapanga foleni na kusubiri. La pili: oda ikitumwa, mtandao ukakatika kabla ya jibu kurudi, ikatumwa tena, ghala litafungasha mara mbili? Jibu sahihi ni kwamba kila oda ina namba yake ya pekee, na mpokeaji akiiona mara ya pili anaitambua na kuiacha. Akibabaika kwenye maswali haya mawili, mtafute mwingine.

Mnunuzi mkubwa anadai EDI au PunchOut. Ni vitu gani?

EDI ni kompyuta ya mnunuzi kutuma hati moja kwa moja kwenye kompyuta yako, bila mtu kuandika upya. Viwango viwili vimeenea: X12, kinachotumika zaidi Marekani, na EDIFACT cha Umoja wa Mataifa. Katika X12 oda ya ununuzi ni hati namba 850, taarifa ya mzigo kutoka ni 856 na ankara ni 810. Katika EDIFACT zinaitwa ORDERS, DESADV na INVOIC. Ni teknolojia ya zamani lakini haiendi popote, na minyororo mingi mikubwa ya maduka haikubali njia nyingine.

PunchOut ni tofauti. Mnunuzi anaanzia ndani ya mfumo wake wa manunuzi, anabonyeza jina lako, anaingia kwenye katalogi yako akiwa na bei zake, anajaza kikapu, na kikapu kinarudi kwake kuidhinishwa. Njia zinazotumika sana ni cXML, iliyoanzishwa na Ariba mwaka 1999, na OCI ya SAP. Jambo moja la kukumbuka: kikapu kilichorudi si oda. Oda itakuja baadaye kama hati yake, au isije kabisa.

## Ujenzi na uendeshaji

Itachukua muda gani, na gharama inategemea nini?

Inategemea idadi ya mifumo ya kuunganisha, idadi ya "isipokuwa" kwenye kanuni za bei, na usafi wa taarifa zenu. Hili la tatu ndilo linalowashangaza watu. Orodha ya bidhaa inakuja kwenye Excel, "Rangi nyeupe 4L" imeandikwa kwa namna sita, uzito haupo, picha hazipo. Hakuna mtengenezaji awezaye kuisafisha bila mtu wenu anayezijua bidhaa. Anzeni leo, hata kabla ya kumpata mtengenezaji.

Msizindue kwa wote siku moja. Chukueni wanunuzi kumi wanaoagiza kila wiki, wauzoee, rekebisheni mnachokosea, kisha waongezeni wengine.

Watu wetu wa mauzo hawaupendi mfumo. Tufanyeje?

Waulize kuhusu kamisheni zao. Mtu anayelipwa kwa oda alizoandika mwenyewe hawezi kumwelekeza mnunuzi kwenye mfumo unaomnyang'anya riziki. Kamisheni ifuate mnunuzi, oda iingie kwa njia yoyote. Tumeona mifumo mizuri ikifa kwa sababu hii peke yake, na mingine ya kawaida ikistawi kwa sababu watu wa mauzo ndio walioinadi.

Msimbo chanzo (maandishi ya programu yenyewe) ni wa nani?

Wa yule aliyetajwa kwenye mkataba, kwa hiyo hakikisheni mmetajwa. Pia akaunti ya seva, jina la tovuti na nakala za hifadhidata viwe kwa jina la kampuni yenu tangu siku ya kwanza, nanyi mkiwa na funguo.

## Hali ngumu

Wanunuzi wawili wameagiza kilichobaki kwa dakika ile ile. Nani anapata?

Aliyethibitisha kwanza, na hifadhidata ndiyo inayopaswa kuamua kwa kufunga mstari wa stoku wakati wa kuthibitisha. Usishike stoku kikapuni. Kikapu cha kampuni kinaweza kukaa siku tano kikisubiri idhini, na mtu mmoja anayejaza vikapu bila kununua atakufungia ghala zima. Kwa aliyechelewa, mfumo usiiue oda yote. Umpe chaguo kwa kila mstari: kupokea kilichopo sasa na kingine baadaye, kusubiri vyote, au kufuta mstari huo.

Ankara na mfumo vinatofautiana kwa senti moja. Shida iko wapi?

Kwenye mahali pa kukadiria kodi hadi senti kamili. Chukua mistari mitatu ya 33.30 kila mmoja, kodi asilimia 15. Ukikadiria kwa kila mstari, 4.995 inakuwa 5.00, na jumla ni 15.00. Ukikadiria kwenye jumla ya 99.90, kodi ni 14.985, yaani 14.99. Mifumo yote miwili ifuate njia moja, ile inayotakiwa na sheria za kodi zenu. Na pesa zihifadhiwe kwa namba za desimali kamili; aina ya namba inayotumiwa na lugha nyingi za programu kwa kawaida, ukijumlisha 0.1 na 0.2, inakupa 0.30000000000000004.

Mnunuzi yuko nchi nyingine. Tuongeze nini?

Sarafu kwa misimbo ya ISO 4217 (herufi tatu, kama TZS au USD), kiwango cha kubadilishia kilichoandikwa ndani ya oda (kwa sababu ile ile ya bei kushikwa, tazama "Bei na katalogi"), na sharti la Incoterms (kanuni za kimataifa za nani anabeba gharama na hatari ya mzigo hadi wapi) pamoja na mahali palipotajwa. Incoterms 2020 zina masharti 11, na manne kati yake, FAS, FOB, CFR na CIF, ni ya usafiri wa majini tu. Mfumo usiruhusu FOB kwa mzigo wa ndege.

Wanunuzi wetu wawili wameungana kuwa kampuni moja. Tuziunganishe akaunti?

Msifute ya zamani. Fungueni akaunti mama, ziwekeni zote mbili chini yake, na oda zilizo njiani ziishie kwa bei zake za awali. Vikomo vya mkopo visijumlishwe kiotomatiki; kampuni mpya ipimwe upya kama mteja mpya. Kisha jiandaeni kwa simu, kwa sababu siku ile ile ofisa manunuzi wa upande mmoja ataona kwa mara ya kwanza bei ambazo upande wa pili ulikuwa unapata.